Hodi ya Tatu

Hadithi nitawapa, mwisho sina. Mwisho mtautia nyinyi wenyewe, na mkigombana njiani mkirudi makwenu, msinitaje.

Palikuwa na watu watatu katika chuo kimoja cha ufundi, huko nyanda za juu kusini ambako mvua haiji kutembea, imehamia kabisa. Chuo chenyewe sikitaji jina, kina wenyewe. Kila mmoja wa watu hao watatu alikuwa na kipaji, na kila mmoja alikiona ni tabia tu, tena tabia yenye kero.

Wa kwanza ni Lwitiko, mwalimu wa kompyuta, kijana wa miaka thelathini na miwili. Kipaji chake ni jicho. Kosa halimpiti. Umpelekee kadi ya harusi, kabla hajatoa hongera atakwambia kwamba tarehe kumi na nne haiangukii Jumamosi. Mke wake alikwisha kuacha kumwandikia orodha ya sokoni, maana ilikuwa inarudi nyumbani na nyanya, na masahihisho ya wino mwekundu.

Wa pili ni Tusekile, mwanafunzi. Miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, amekaa dawati moja na mabinti ambao angeweza kuwazaa. Kipaji chake ni kusema hajaelewa. Msicheke. Nyote mliopita darasani mnajua mambo yalivyo: mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" hata kama hakuna aliyeambulia kitu. Wala si uongo, ni adabu tuliyofunzwa tangu chekechea. Tusekile adabu hiyo ilimpita pembeni. Darasa likishatulia, yeye huinua mkono na kusema, "Mimi bado."

Wa tatu ni Subilaga, mkutubi, na huyu ndiye tutakayefuatana naye. Kwa miaka kumi na tisa ameazimisha vitabu na kuandika katika daftari kubwa nani kachukua nini. Kipaji chake ni kusoma kitabu bila kukifungua. Hukishika kikiwa kimefungwa, akakigeuza, akatazama ukingo wa kurasa. Pale palipochafuliwa na vidole ndipo wasomaji walipofika. Pale weupe unapoanza ndipo walipokata tamaa. Kitabu cha utangulizi wa kompyuta kilichokuwa kikitumika chuoni kilikuwa na nakala arobaini, na zote zilikuwa chafu mpaka ukurasa wa ishirini na tatu. Baada ya hapo ni nyeupe kama siku zilipotoka kiwandani. Subilaga alikuwa anajua hilo kwa miaka, lakini hakuna aliyemuuliza, na yeye si mtu wa kujipeleka.

Basi mwaka mmoja matokeo ya somo hilo yalipotoka, katika wanafunzi arobaini na sita walianguka thelathini na mmoja, Tusekile akiwa mmoja wao. Bodi ya chuo ikaja juu. Mkuu wa chuo akaita watu wote ukumbini, walimu, wafanyakazi na wanafunzi, akasema:

"Kitabu tulichonacho kimetushinda. Tunatafuta kingine, kimoja tu, na bodi imetoa ahadi. Atakayetupatia kitabu kitakachowafanya wanafunzi wetu wafaulu, awe mwalimu, awe mfagizi, awe mwanafunzi, atapewa nafasi yetu ya kwenda kusoma chuo kikuu, kwa ngazi anayostahili."

Nafasi hiyo haiji kila mwaka. Ya mwisho ilikuwa imekuja miaka sita nyuma, na Subilaga aliikosa kwa sababu mwanawe alikuwa mgonjwa siku ya usaili. Niseme wazi: aliitaka. Aliitaka tangu alipokuwa binti wa kidato cha nne anayewasomea jirani barua zao. Na masharti ya nafasi yalisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Subilaga alikuwa na arobaini na minne, na miaka, kama mjuavyo, haina subira.

Wachapishaji wakaleta vitabu tisa. Vikapangwa juu ya meza ya maktaba, vinang'aa, kila kimoja kinajisifu mgongoni.

Lwitiko ndiye aliyeanza. Alivichukua vyote tisa, akajifungia navyo katika chumba cha kompyuta likizo nzima. Hakusoma tu. Kila zoezi lililokuwemo alilifanya mwenyewe, neno kwa neno, kama kitabu kilivyoagiza. Kimoja kilisema mashine itajibu kumi na mbili, mashine ikajibu ishirini na moja. Kingine kilimtaka msomaji abonyeze kitufe ambacho hakipo katika kompyuta yoyote duniani. Mchapishaji mmoja akampigia simu kumwomba asiwe mkali, kosa ni dogo.

"Kwako dogo," Lwitiko akamjibu. "Mwanafunzi akifuata kitabu na mashine ikakataa, hatasema kitabu ni kijinga. Atasema yeye ndiye mjinga."

Vitabu vitano vikatupwa nje. Vilibaki vinne, na vinne hivyo havikuwa na uongo hata wa nukta.

Subilaga akafuatia. Alivipokea vile vinne, akaviweka rafu ya mbele, akawaambia wanafunzi wavisome humo humo maktaba, bila kuwaeleza sababu. Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kutokea. Mlangoni kulikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: MARUFUKU KULA HUMU. Akakiondoa. Siku ya pili akaleta karanga za kukaanga, zenye chumvi na mafuta, akaziweka mezani kwenye sahani. Wanafunzi wakadhani Madamu ana msiba au amepata mchumba. Walikula karanga, wakasoma, wakafunua kurasa kwa vidole vinavyong'aa, na yeye akawa anaumia rohoni kama mtu anayetazama nguo yake nyeupe ikikanyagwa. Wiki tatu nzima.

Wiki ya nne akavishika vile vitabu, akavigeuza, akatazama ukingo. Viwili vilikuwa na mafuta mpaka ukurasa wa kumi na tisa, kisha weupe. Viwili vilikuwa na mafuta mpaka jalada la mwisho.

"Hivi viwili hawatavisoma," akamwambia Mkuu. "Ni vya kweli, lakini hawatavisoma."

Vikabaki viwili. Kimoja kinene, kina picha za rangi kila ukurasa. Kingine chembamba, karatasi yake ya kijivu, picha zake za kuhesabu.

Tusekile akaja wa mwisho, na wala hakujua kuwa amekuja. Mkuu aliagiza Lwitiko afundishe somo moja kwa kila kitabu, lile somo linalowashinda wengi, la kuipa mashine kazi ya kurudia. Subilaga akaenda na vitabu vyake viwili, akakaa nyuma. Darasa la mwaka ule lilikuwa na wanafunzi arobaini na wanane.

Lwitiko akaanza na kile kinene. Akasoma: "Kitanzi ni muundo unaowezesha utekelezaji wa maagizo kwa marudio hadi sharti litakapobatilika." Akaonyesha picha ya rangi. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

"Mimi bado," akasema Tusekile.

Akaeleza tena. Bado. Akachora ubaoni. Bado. Mara ya nne Tusekile akasimama. "Mwalimu, nisamehe. Kwetu kitanzi anatiwa mbuzi, au mtu aliyekwisha kukata tamaa na dunia. Sasa hiki cha kitabuni kinamkaba nani?"

Darasa likaangua kicheko. Lakini kicheko kilipokwisha, binti mmoja wa dawati la mbele akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi bado, Mwalimu." Na mwingine. Na mwingine. Lwitiko akawaomba wanaoelewa wainue mikono, ikainuka sita. Kile kinene walikuwa wamekisoma mpaka mwisho kwa ajili ya picha.

Akachukua kile chembamba. Akasoma: "Iambie mashine: rudia. Kisha iambie irudie mara ngapi, na nini kitaifanya iache kabla ya hapo." Akainua macho, akamtazama Tusekile. Darasa zima lilikuwa linamtazama Tusekile. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu.

"Ni hodi," akasema.

"Hodi?"

"Si unafika kwa watu, Mwalimu? Unapiga hodi. Wasipojibu unarudia. Wakisema karibu, unaacha, unaingia. Wasipojibu mpaka ya tatu, unaacha vilevile, unajiendea zako. Huwezi kusimama mlangoni kwa watu unapiga hodi mpaka jua linazama. Kumbe mashine nayo inafundishwa adabu?"

 Lwitiko alikwenda kwenye kompyuta, akaandika kama alivyosikia, na mashine ikatoa hodi, hodi, hodi, ikanyamaza. Darasa likapiga makofi. Kule nyuma Subilaga alikwenda kwenye kabati, akatoa nakala moja ya kile kitabu cha zamani, akakifungua kwa mara ya kwanza penye ukurasa wa ishirini na tatu. Kichwa cha habari kilikuwa: Kitanzi.

Kitabu chembamba ndicho kilichochaguliwa. Mwisho wa mwaka, katika wale arobaini na wanane walifaulu arobaini na mmoja. Tusekile alikuwa wa tisa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana sasa kulikuwa na ahadi ya kutimizwa.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa katika kukwepa lawama. Alimwita Subilaga, akampa fomu. "Nyinyi watatu mmefanya kazi moja. Mkubaliane wenyewe. Jaza kila kitu, andika jina moja, uniletee kabla ya saa tisa alasiri. Dereva akiondoka bila fomu, nafasi inakwenda chuo kingine."

Ilikuwa saa sita. Zilibaki siku ishirini na sita Subilaga atimize miaka arobaini na sita. Alizijua, alikuwa akizihesabu kila asubuhi akifungua maktaba.

Wakakutana maktaba, watatu, mlango umefungwa. Kibao cha marufuku kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Niseme mimi kwanza," akasema Lwitiko. "Nisingevitoa vile vitano, mngeweza kuwapa uongo unaosomeka."

"Na mimi nisingevitoa vile viwili," akasema Subilaga, "mngewapa ukweli usiosomeka."

"Na mimi nisingesema bado," akasema Tusekile, "wangesoma ukweli mpaka jalada, wasiuelewe."

Wakacheka, maana walikuwa wanapendana. Kisha kicheko kikaisha, na fomu ilikuwa bado mezani.

"Lakini Mwalimu," Tusekile akasema kwa heshima, "kuona makosa si ndiyo kazi uliyoajiriwa? Mtu hupewa zawadi kwa kufanya kazi yake?"

"Likizo nzima, mama. Sikuajiriwa kufanya kazi likizo. Na dada Subilaga aliajiriwa kutunza vitabu, akavipaka mafuta ya karanga. Je, apewe zawadi kwa kuvunja sheria yake?"

Neno hilo lilimchoma Subilaga. Akasema neno ambalo baadaye alilijutia. "Mimi angalau nilijua ninachokifanya. Tusekile hakuwa hata anajua kama somo lile lilikuwa la kupima vitabu. Kutoelewa nako ni kazi?"

Tusekile hakukasirika. "Kutoelewa si kazi, dada. Kusema hujaelewa ndiyo kazi. Darasa lile lilikuwa na watu wengi wasioelewa, na walikuwa wamekaa kimya kwa adabu. Mimi nilichekwa mwaka mzima."



Wakaanza kusemezana shida, kama watu wanavyofanya hoja zikiisha. Lwitiko akasema kwamba kuna waraka mpya: mwalimu asiye na shahada ya juu ataondolewa darasani mwakani, na hajui kazi nyingine. Tusekile akasema akimaliza chuo atarudi kuchuma chai. "Si aibu," akasema, "ila nimekwisha kuichuma. Miaka kumi na minne." Subilaga hakusema siku zake ishirini na sita. Walikuwa wanazijua. Kila aliyeingia maktaba alizijua, kwa sababu alikuwa akizitia alama kwa penseli ubavuni mwa daftari.

Na mimi niwakumbushe hapa, kabla hamjaanza kuwahurumia: mwenye shida ni mmoja, na mwenye haki ni mwingine. Wakati mwingine hukutana katika mtu mmoja, lakini si lazima.

Saa nane na nusu Lwitiko akasimama. Kipindi kilikuwa kinamngoja.

"Andika wewe, dada," akasema. "Utakaloandika, mimi sitatia wino mwekundu."

Subilaga akashtuka. "Mimi? Mimi ni mmoja wenu! Kinyozi hajinyoi, Lwitiko."

"Nani mwingine?" akauliza Tusekile. "Mkuu amekimbia. Miaka kumi na tisa, dada, unaandika katika daftari lile nani kachukua nini. Umewahi kuliandika jina la mtu pasipo pake?"

"Sijawahi."

"Basi."

Wakatoka. Tusekile akageuka mlangoni, akasema, "Ndaga, dada," kama watu wa kwao wanavyosema asante, ingawa alikuwa bado hajapewa kitu. Nadhani kama angeondoka kimya ingekuwa rahisi zaidi.

Subilaga akajaza fomu. Jina la chuo. Anwani. Tarehe. Sababu ya kuteuliwa: Alitupatia kitabu. Akafika kwenye mstari wa jina. Ulikuwa mstari mmoja, tena mfupi, wa mtu mwenye majina mawili tu. Akaweka kalamu juu yake, akaiondoa. Akafikiria jina lake mwenyewe, akaona watu wakisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Akafikiria la Lwitiko, akaona daftari lake mwenyewe, lenye zile siku za penseli ubavuni. Akafikiria la Tusekile, na hapo moyo ukatulia kidogo, kisha akajiuliza kama umetulia kwa sababu ni haki au kwa sababu ya lile neno baya alilomtupia, anataka kulilipa. Alitaka sana kwenda chuo kikuu. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja, maana fomu ilikuwa ya karatasi.

Saa tisa kasoro dakika tano alikuwa mbele ya ofisi ya Mkuu. Fomu mkono wa kushoto, mstari mtupu. Kule uani dereva alikwisha kuwasha gari.

"Hodi," akasema. Kimya.

Akangoja, kama alivyofunzwa na mama yake. Angeweza kugeuka. Akigeuka hakuna aliyeonewa kati yao, na hakuna aliyekwenda, na watu wa chuo kingine watashangilia nafasi iliyoanguka kutoka mbinguni.

"Hodi," akasema mara ya pili. Ndani kiti kikasogea. Mkuu yumo. Ya tatu ataitikia.

Hapo ndipo nilipomwacha Subilaga, na yupo pale mpaka sasa, mdomo umekwisha kufunguka. Ukutani kuna pa kuegemezea karatasi, na kalamu iko katika mkono wa kulia. Jina lina nafasi ya kuandikwa bado, kama mtamwambia upesi.

Wewe unayenong'ona "la Lwitiko", utueleze kwa nini jicho lizidi mkono na ulimi. Wewe unayesema "la Tusekile", utuambie kama mtu huvuna alichopanda bila kujua. Na wewe unayesema "aandike lake mwenyewe, ameachiwa", je, ungelisema hivyo huku Tusekile amesimama hapo mlangoni anakwambia asante?

Mmeelewa?

Aa, aa, msiniitikie wote pamoja. Nataka mmoja mmoja. Haya, wewe uliye karibu na mlango, anza: kabla ya hodi ya tatu, aandike jina la nani?